Pamba Fifi

Gunia lilikuwa kubwa kuliko fedha aliyotoa, na hilo ndilo lililomfanya Paskazia ashuke kwenye lori pale Kayenze akitabasamu peke yake. Alikuwa amelibeba kichwani kutoka soko la Nyamagana mpaka kwenye lori, na shingo haikulalamika hata mara moja, maana pamba ile ilikuwa nyepesi kama manyoya ya kifaranga. Alipokaribia mwaloni, ufukweni penye mashua, alilitua, akalipangusa vumbi la njiani, akalifunga upya kamba mdomoni, akalibeba tena vizuri ili mumewe alione likija.

Malimi alikuwa amechutama chini ya mashua yake, iliyoegemezwa ubavu juu ya magogo matatu. Upande mmoja mbao nne zilikuwa mpya, mvule mtupu, bado zinanukia. Fundi Ojwang alizipigilia wiki iliyopita, akakusanya vifaa vyake, akaenda Igombe kwenye kazi nyingine. Kati ya ubao na ubao palibaki mwanya wa kuingia ukucha. Mianya hiyo hujazwa pamba, na kupiga pamba ni kazi ya mwenye mashua na watu wake, si ya fundi. Ndivyo ilivyo Kayenze.

"Umekuja na godoro zima?" Malimi aliuliza.

"Na chenji juu," alisema Paskazia.

"Kiwandani wamekubali?"

"Kiwandani!" Paskazia alikaa kwenye gogo, akavua ndala moja na kukung'uta mchanga. "Kuna mlinzi mpya. Nimemwamkia, hakuitikia. Nimempa karatasi ya ushirika, ile ile tunayopeleka kila mwaka nao wanatugawia pamba ya kufagia, akaigeuza chini juu, akaniambia, 'Mama, ushirika ulikuwa zamani. Sasa hapa pana mwenyewe.' Nimesimama juani, malori yananifukuza huku na huku kama mbuzi wa watu. Nikaona nitazeeka pale. Nikaenda sokoni kwa mshona magodoro. Nikamwambia nataka nyeupe, safi, isiyo na mbegu. Akanipa hii."

Malimi aliingiza mkono guniani. Mikono yake ilikuwa imekomaa kwa kamba na kasia, ngozi ya viganjani ngumu kama kwato. Alitoa donge, akalitazama. Kweli lilikuwa jeupe, lina mng'ao. Kwa miaka yote walikuwa wakipewa pamba ya sakafuni yenye vumbi na maganda.

"Haya," alisema. "Mwaka huu tumepata ya wakubwa."

Mwenyekiti wa mwalo, mzee Shimba, alikuwa akipita na daftari lake kwapani. Alisimama.

"Shikamoo mzee," Paskazia alisema.

"Marahaba, mama Janet. Malimi, nakukumbusha tu. Jumamosi mbili zimepita hujaenda Ukara. Kanuni unaijua. Ya tatu ikipita, zamu naiandika kwa mwingine."

"Jumamosi hii mashua iko majini, mzee."

"Mimi napenda iwe hivyo. Lakini kuna mtu ananijia kila asubuhi."

Hakuhitaji kumtaja. Hatua ishirini kutoka pale, Revocatus alikuwa amekaa juu ya pipa la mafuta mbele ya mashua yake mpya yenye injini kubwa, miwani ya jua usoni. Miaka miwili nyuma alikuwa karani wa ushirika. Sasa alikuwa na duka Kirumba na mashua mbili, na aliyokuwa anaitaka ni zamu ya Jumamosi tu, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku wafanyabiashara wanaposhusha mizigo Ukara kwa ajili ya mnada. Siku nyingine mashua hubeba mihogo na wagonjwa. Nyumba ya Malimi, mke, watoto wawili na mama mkwe kule Ukara, ilikula Jumamosi wiki nzima.

"Mzee Shimba!" Revocatus aliita kwa kicheko. "Siku hizi ruksa! Mbona mnapangiana zamu kama foleni ya sukari?"

"Sukari ilikwisha, foleni imebaki," Shimba alijibu, akaenda zake.

Kazi ilianza pale pale. Paskazia alisokota pamba mapajani, kamba nene kama kidole, na Janet, binti yao wa miaka kumi na mitatu, akazipanga juu ya mkeka zisishike mchanga. Malimi aliweka kamba juu ya mwanya, akaweka patasi butu juu yake, akagonga kwa nyundo ya mti. To, to, to. Pamba iliteleza ndani bila ubishi.

"Leo patasi inaingia yenyewe," alisema. "Ile ya kiwandani ilikuwa inagoma kama punda. Mwaka jana nilitoka malengelenge."

"Nani alikwenda sokoni?" Paskazia aliuliza.

"Mke wangu."

"Basi sema vizuri, na majirani wasikie."

Mpaka jua linaelekea kuzama upande wa Ilemela walikuwa wamemaliza mianya yote mitano, wakapaka lami juu. Kazi ya siku mbili ilikuwa imekwisha kwa siku moja.

*

Jumanne asubuhi waliizamisha.

Mgeni akiona kitu hicho hushika kichwa, lakini watu wa ziwa hawashangai. Mashua iliyokaa juani wiki tatu mbao zake zimekauka na kusinyaa. Huwezi kuipakia hivyo. Unaisukuma mpaka maji ya kiunoni, unaijaza mawe, inalala chini siku mbili inakunywa. Mbao zinavimba, pamba inavimba, kila kitu kinamkumbatia mwenzake. Ukiitoa, imekuwa mashua.

Alhamisi asubuhi wanaume wanane walikuja kusaidia kuinua. Walitoa mawe moja moja, wakaichota maji kwa ndoo, ikapanda, ikaelea. Paskazia alikuwa na sufuria ya uji wa ulezi kwa ajili yao, na vikombe vinne vilivyokuwa vikizunguka. Queen, mdogo wake Janet, alikuwa akipiga makofi.

Kisha mtu mmoja aliyekuwa ndani akasema, "Malimi, hebu njoo."

Maji yalikuwa yanarudi. Hayakuwa yanaingia kwa kishindo. Yalitoka kwenye mianya ya upande mpya kwa upole, mstari mrefu unaong'aa, mstari wa pili, wa tatu, yakakutana chini yakawa dimbwi. Walichota. Yakarudi. Walichota kwa kasi zaidi. Yakarudi kwa mwendo ule ule, kama mtu asiye na haraka.

"Mbao," Malimi alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mbao mbichi. Ojwang amenipigia mbao mbichi."

Walimtuma mtu na baiskeli kwenda Igombe. Ilipofika saa tatu na nusu Ojwang alikuwa amefika, mtu mrefu mwenye umri, kofia ya pama kichwani, suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo isiingie kwenye mnyororo wa baiskeli. Watu wa mwaloni walikuwa wamekwisha kusogea. Hata wauza dagaa walikuwa wameacha matandiko yao.

"Malimi," alisema Ojwang, "mimi tangu Shirati mpaka hapa nimejenga mashua arobaini na moja."

"Na hii ya arobaini na mbili inakunywa kama ng'ombe!"

Watu walicheka. Revocatus alicheka zaidi, akapiga pipa kwa kiganja. Ojwang alivua kofia, akaiweka juu ya mchanga, akaingia majini na suruali yake, akapitisha vidole kwenye ubao mmoja mmoja, polepole, watu wote wakimtazama mgongo.

"Mbao ni kavu," alisema. "Nilizianika miezi mitano."

"Fundi, usitake maneno mengi," Shimba alisema, naye hakupenda kusema. "Kanuni ni moja. Kazi ikiharibika mikononi mwa fundi, anairudia kwa mbao zake mwenyewe, na jina lake halitajwi tena kwenye mwalo huu."

Paskazia alikuwa amesimama upande wa pili wa mashua, maji yamempanda magotini. Mahali fulani lami ilikuwa imebanduka, na ncha ya pamba ilikuwa imechungulia. Aliivuta. Ilitoka kwa urahisi ule ule ilivyoingia, urefu wa mkono mzima. Akaikamua kwa nguvu zake zote ili aone maji mangapi imekunywa.

Haikutoa hata tone. Nje ilikuwa na unyevu kidogo tu. Aliipangusa kwa khanga, akaichambua kwa vidole, na katikati ilikuwa kavu kabisa. Aliipuliza. Kitu kilichokuwa chini ya ziwa usiku wa kuamkia jana na usiku wa kuamkia leo kilipaa kutoka kiganjani mwake, kikaenda na upepo kama unyoya.

Ndipo alipokumbuka mto wa kulalia wa padri mmoja kule Ukara, aliokuwa akiufua alipokuwa msichana wa misheni, mto ulioletwa kutoka pwani. Ukiutia kwenye beseni unapanda juu. Masista walikuwa wakisema ndani kuna sufi, pamba ya mti. Huku ziwani misufi hakuna, na mtu anaweza kuzeeka asiione. Sufi hainywi maji. Mbao zilikuwa zimevimba vizuri, sufi imekaa katikati kama mgeni asiyekaribishwa chakula.

Hakuna aliyekuwa anamtazama. Wote walikuwa wanamtazama Ojwang. Angeweza kufungua vidole, upepo ukachukua kilichobaki.

"Mzee Shimba," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mzee Shimba! Fundi hana kosa. Kosa ni langu."

Aliwaonyesha. Alikamua tena mbele yao, akapuliza tena. Shimba alichukua kipande naye akakamua. Kikazunguka mkono kwa mkono, kila mtu akikamua kama anakamua maziwa.

"Hii ni ya kujazia mito," alisema mzee mmoja.

"Mama Mto!" Revocatus alipiga kelele, na mwalo mzima ukaangua kicheko. "Mama Mto, abiria wako watalala unono! Nauli na usingizi humo humo!"

Paskazia alisimama pale pale mpaka kicheko kikaisha. Alikuwa ameona kwamba kicheko, ukikisubiri, huisha. Kisha akamgeukia Ojwang.

"Fundi, nisamehe. Nilinunua gunia kubwa kwa sababu lilikuwa kubwa."

Ojwang aliokota kofia yake. "Umesema mapema," alisema. "Wengine wangesema nikishazikwa."

Shimba alitazama saa yake. "Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitapanda ndani mwenyewe. Nikikuta kavu, zamu ni yenu. Nikikuta maji, Revocatus anapakia."

*

Nyumbani Malimi alinawa mikono muda mrefu kuliko kawaida.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema hatimaye.

"Niliileta mbele yako. Uliishika siku nzima, baba Janet. Ulisema leo patasi inaingia yenyewe."

Malimi alijifuta mikono kwenye suruali. Hilo lilikuwa kweli na lilimuuma kuliko kosa la mkewe.

"Siku mbili," alisema. "Pamba utaitoa wapi? Kiwandani wamekufukuza."

"Pamba haianzii kiwandani. Inaanzia shambani."

Alimimina dagaa nusu debe kwenye kikapu, wale wakavu wa juu ya mwamba wasio na mchanga, akajifunga khanga ya pili mabegani, akaenda barabarani. Julai ile malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yakipita kila saa, kwa kuwa kila kampuni ilitaka kufika kwa mkulima kabla ya mwenzake. Alipata moja lililokuwa likienda Kisesa tupu. Kutoka hapo alitembea mpaka Bujora, nyumbani kwa Kashindye, mama wa Kisukuma aliyekuwa mteja wake wa dagaa kila mavuno.

Alimkuta uani, mikono kiunoni, anabishana na karani wa kampuni. Pamba yake ilikuwa imegawanywa mafungu mawili. Fungu kubwa jeupe lilikuwa linashindiliwa kwenye magunia ya kampuni. Fungu la pili, dogo, lilikuwa na rangi ya chai, lina madoa ya mdudu na tope la mvua ya mwisho.

"Mwaka juzi ushirika walichukua yote!" Kashindye alikuwa anasema. "Hii grade A, hii fifi, bei mbalimbali, lakini yote ilikwenda!"

"Mwaka juzi si mwaka huu, mama. Fifi bosi wangu hataki hata bure. Tupa, washia moto."

"Nimelima miezi saba niwashie moto?"

Karani alifunga gunia lake la mwisho, akaandika, akaondoka. Kashindye aligeuka na kumwona mgeni wake amesimama na kikapu.

"Kalibu, dada. Umekuja siku ya matusi."

"Mwangaluka, Kashindye."

"Mwangaluka ni ya asubuhi, saa hizi jua limekaa utosini! Kaa. Hao dagaa ni wa kwangu?"

"Ni wako. Nami nataka ile." Paskazia alinyoosha kidole kwenye fungu dogo.

Kashindye alitazama fungu, akamtazama mwenzake usoni kama anayetafuta dalili ya homa. "Fifi? Ya nini?"

"Ya mashua. Mashua haijali madoa. Inataka pamba inayokunywa tu."

Kashindye alikaa chini kwenye kinu kilicholala, akacheka mpaka akashika mbavu. Alimcheka karani, akamcheka bosi wake, akaicheka miezi saba. Kisha akapangusa macho na uso ukabadilika ukawa wa biashara.

"Nusu debe haitoshi."

"Sasa hivi ulikuwa unaambiwa uwashie moto."

"Sasa hivi hukuwapo. Sasa kuna mnunuzi. Si wanasema soko huria?" Alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Ongeza hiyo khanga ya juu."

Paskazia aliivua, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya dagaa. Ilikuwa mpya, ya Pasaka. Kabla ya kujaza gunia alichukua donge la fifi, akalitumbukiza kwenye mtungi wa maji uliokuwa mlangoni, akalizamisha kwa kidole. Lilikwenda chini na kukaa huko. Alilitoa, akalikamua, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Leo unapima kila kitu," Kashindye alisema.

"Kuanzia leo."

*

Pamba ya shambani ina mbegu. Kiwandani mashine huzitoa kwa dakika. Kayenze kulikuwa na vidole tu. Ijumaa kulipopambazuka Paskazia alitandika mikeka barazani, na wanawake sita walikuja mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake. Mmoja alikuja kwa sababu mumewe alikuwa baharia wa Malimi. Wawili walikuja kusikia habari ya mto kwa undani. Wa mwisho alikuwa Roza, mke wa Ojwang, aliyetembea kutoka Igombe. Alikaa mbali na mwenye nyumba.

"Nimekuja kwa sababu ya jina la mume wangu," alisema. "Si kwa ajili yako."

"Hata hivyo karibu," alisema Paskazia, akamsogezea fungu.

Unashika donge, unalifungua kama unafungua jicho la mtoto lenye tongotongo, unaivuta pamba huku, mbegu inabaki kwenye ukucha. Mbegu moja. Donge moja lina mbegu nane, tisa. Baada ya saa moja ncha za vidole zinawaka. Baada ya saa mbili huzisikii tena.

"Wewe Mama Mto," alianza mmoja wa wale wambea, "huyo muuzaji alikwambia nini hasa?"

"Aliniambia ni laini."

"Na ukaamini?"

"Ilikuwa laini kweli. Hakunidanganya hata neno."

Roza alijaribu kubana mdomo, akashindwa, kicheko kikamtoka puani. "Ojwang naye," alisema, "alipokuwa ananichumbia baba yangu alimuuliza, una ng'ombe? Akasema ninao. Kweli alikuwa nao. Wawili! Naye hakudanganya." Wanawake wakaanguka mabegani mwa wenzao, na Roza akausogeza mkeka wake karibu.

Saa tano gunia lilikuwa limekwisha. Paskazia aliipeleka pamba mwaloni kwenye beseni, imesokotwa tayari, yenye rangi ya chai, mbaya kwa sura. Malimi na baharia wake walikuwa wamekwisha kukwangua sufi yote. Ojwang alikuwepo, lakini alikuwa amekaa juu ya gogo, patasi mapajani, hajaanza.

"Fundi, muda," alisema Malimi.

"Kupiga pamba si kazi yangu. Nitaipiga. Lakini jana kulikuwa na watu hapa." Ojwang alitazama kuzunguka kwake. "Naona leo pia wapo."

Malimi alielewa. Alisimama, akakuna shingo. Wauza dagaa walikuwa wakigeuza dagaa wao kwa mafagio bila kuwatazama dagaa. Revocatus alikuwa kwenye pipa lake.

"Jamani," Malimi alisema kwa sauti ya kuitia mashua iliyo mbali. "Jana nilisema mbele yenu kwamba kazi ya fundi inakunywa kama ng'ombe. Ng'ombe nilikuwa mimi. Nilishika sufi kutwa nzima nikaisifu. Fundi amenipigia mbao nzuri."

"Basi," Ojwang alisema, akasimama. "Lete hiyo kamba."

Safari hii pamba ilibisha. Iligoma, ikajikunja, ikatoka upande, ikabidi igongwe mara tatu pale ambapo sufi iligongwa mara moja. Walipokezana, Ojwang na Malimi, shati zikaganda migongoni. Alasiri lami ilikuwa imepakwa, mashua imesukumwa majini, mawe yamepakiwa tena. Ingekunywa usiku mmoja tu badala ya siku mbili.

"Itatosha?" Paskazia alimuuliza Ojwang.

"Pamba yenye kiu haihitaji siku mbili," alisema. "Mbao zimeshakunywa tangu Jumanne. Kalale."

*

Saa kumi na mbili Jumamosi mashua ilikuwa inaelea. Waliichota, Janet akaipangusa sakafu kwa gunia mpaka ikabaki unyevu tu. Shimba alivua viatu, akaviweka ufukoni vikiwa sambamba, akapanda. Mkononi alikuwa na mfuko wa majivu ya jikoni. Aliyanyunyiza chini, kandokando ya kila mwanya, safu nyembamba nyeupe, akakaa kwenye ubao wa mbele na saa yake. Majivu hayafichi kitu: tone likipita, yanageuka meusi.

Mizigo ya abiria ilikuwa imepangwa mchangani, vitanda, mabegi, mabati, mikungu. Abiria wenyewe walikuwa wamesimama katikati, kati ya mashua mbili. Injini ya Revocatus ilikuwa inanguruma tayari.

"Nusu nauli leo!" aliita. "Nusu nauli, na hakuna mtu anayenyunyiza majivu kwangu! Mnasubiri nini? Mto?"

Watu wanne walikwenda kwake. Kisha wawili.

Kwenye mwanya wa tatu doa jeusi lilitokea, dogo kama mbegu. Malimi aliliona. Paskazia, amesimama majini na mikono juu ya ukingo, aliliona. Doa lilikua likawa kama shilingi. La pili likatokea kando yake. Shimba aliinama akayatazama. Mwaloni mtu alikohoa na kila mtu akamsikia.

Yale madoa mawili yaligusana, yakasimama.

Shimba alisubiri. Dakika kumi nzima, kwa saa yake. Kisha akaweka kidole pale, akakitazama, akakipangusa kwenye suruali.

"Imefunga," alisema. "Malimi, pakia. Na mnajua kanuni: safari ya kwanza baada ya fundi, nyumba nzima inapanda, na inakaa katikati."

Paskazia alimwinua Queen, akampa baba yake, akampandisha Janet, akapanda yeye. Wakakaa watatu kwenye ubao wa katikati, mahali ambapo kila aliyeko ufukoni angewaona. Hakuna aliyesogea. Kanuni ni kanuni, lakini maisha ni ya mtu.

Bibi mmoja wa Kikara, mwenye kuku aliyefungwa miguu na begi la plastiki la mistari, alikuja mpaka ukingoni mwa maji.

"Ni wewe uliyenunua ile ya mito?"

"Shikamoo bibi. Ndiyo mimi."

"Marahaba. Na hii ya sasa umenunua wapi?"

"Hii nimetoa mbegu kwa mkono." Paskazia alinyoosha viganja vyake. Kucha zilikuwa zimechimbika, ngozi kando yake imechanika na kuota weusi wa lami.

Bibi alivitazama viganja kwa makini, kimoja, kisha cha pili, kama anayechagua samaki. Halafu akamnyooshea kuku.

"Nishikie, nipande."

Baada yake walipanda kumi na wanane. Wawili kati ya wale wa Revocatus walishuka wakarudi, na alipowapigia kelele juu ya nauli mmoja akamjibu kwamba ni ruksa.

Ziwa lilikuwa tulivu, na lilipochafuka kidogo baada ya kupita Ukerewe mashua ilipanda mawimbi na kushuka bila kulalamika popote. Ndoo ya kuchotea maji ilikuwa karibu na miguu ya Malimi. Paskazia aliihesabu kwa macho kila alipogeuka. Njia nzima haikuguswa, mpaka mtoto wa abiria mmoja alipotapika, ndipo ikapata kazi.

Walifika Ukara alasiri. Watu walikuwa wameingia majini kupokea mizigo, na kelele zilikuwa nyingi, mabati yakigongana, bibi akidai kuku wake. Malimi aliinua mbao za sakafu, akapitisha kikombe chini kabisa, kwenye mkuku, mahali maji ya siku nzima hukusanyika. Kilijaa nusu. Alimpa mkewe kikombe. Paskazia alikitazama, akayamwaga maji ziwani, akamrudishia.

Mwanamke mmoja mwenye magunia mawili ya mihogo mikavu alikuwa amesimama ufukoni, anatazama mashua kwa mashaka.

"Hii ndiyo ile iliyokuwa inavuja? Habari zimefika juzi."

"Ndiyo hii," alisema Paskazia.

"Mnarudi lini?"

Malimi alikuwa akifungua kinywa kujibu, lakini mkewe alikuwa amekwisha kushuka na kushika gunia la kwanza masikioni.

"Jumatatu alfajiri," alisema. "Wahi, dada. Nafasi zinajaa."